Rangi ya Kuzuia Kutu Iliyobaki: Namna ya Kuihifadhi Isife Koponi



Kila mwaka, mvua zinapokaribia kuanza, kazi ya kupaka rangi ya kuzuia kutu hapa Rejaf humalizwa kwa haraka. Matishari yaliyovutwa ukingoni wakati maji ya mto ni machache, matangi, nguzo za karakana, fremu za mashine za kusaga na mabati ya paa, vyote hukwanguliwa na kupakwa kabla ya Aprili. Kazi ikiisha hubaki makopo: moja nusu, jingine robo, jingine lina vidole viwili tu vya rangi chini. Hufunikwa kwa teke la kiatu, husukumwa pembeni mwa stoo, na hakuna anayeyakumbuka mpaka mvua zikatike.

Sisi tunaoandika haya tumeionja hasara yake. Mwaka mmoja tuliacha makopo sita ya lita 4, wala hakuna lililojaa. Yaliwekwa Aprili ndani ya kontena la chuma lililokuwa stoo yetu. Yalipofunguliwa mwishoni mwa Oktoba, manne yalikuwa na ngozi nene juu kama ya ng'ombe, la tano lilikuwa limeganda lote kama ugali wa jana, na la sita tu ndilo lililofaa. Mkubwa wa kazi akamwita mtunza stoo, mtu mzima aliyetuzidi sote umri, akamwuliza rangi imekwenda wapi.

"Bwana mkubwa, rangi haikuibwa. Imekufa."

"Imekufa mikononi mwa nani, mzee?"

Ikasemwa kwamba mtunza stoo na wapaka rangi wawili wakatwe mshahara. Jinsi jambo hilo lilivyokwisha tutaeleza mbele. Kwanza tujibu lile swali, maana siku ile hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kueleza rangi imekufaje, na mtu asiyeweza kueleza hawezi kujitetea.

HEWA ILE ILE

Chuma hushika kutu kwa sababu ya vitu viwili vinavyokutana juu yake: maji, na oksijeni iliyomo katika hewa. Ondoa kimoja, kutu haiendelei. Wazee wa meli za Ziwa Tanganyika wanao mfano wa jambo hili usiosahaulika. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen karibu na Kigoma isitekwe. Kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene. Mwaka 1924 meli iliinuliwa, na mitambo ikakutwa katika hali ya kuweza kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kilichoilinda mitambo ile ndani ya maji ni grisi, iliyokizuia chuma kisikutane na maji wala hewa.

Rangi ya kuzuia kutu hufanya kazi hiyo hiyo ya grisi, ila yenyewe hukauka ikawa ngumu. Na hapa ndipo penye siri. Rangi nyingi tunazotumia, ile nyekundu ya oksidi ya chuma na nyingine za mafuta, hazikauki kama nguo ya kufuliwa inavyokauka. Kwanza thina huruka. Kazi hiyo ni ya saa chache. Kisha mafuta yaliyomo ndani huanza kuivuta oksijeni kutoka hewani, na kwa oksijeni hiyo chembe zake hushikana zikawa utando mmoja. Kiwandani huongezwa dawa ya kuharakisha kushikana huko, ili tusingoje wiki nzima. Kwa hiyo hewa ile ile inayokula chuma ndiyo inayoikausha rangi. Juu ya bati tunaitaka. Ndani ya kopo hatuitaki, lakini rangi haijui kama iko juu ya bati au ndani ya kopo. Ikikutana na hewa, itakauka.

Sasa tupige hesabu ndogo. Kopo la lita 4 lenye lita moja ya rangi lina lita 3 za hewa. Karibu sehemu moja ya tano ya hewa ni oksijeni. Maana yake zaidi ya nusu lita ya oksijeni imefungiwa humo pamoja na rangi kidogo. Kopo hilo hilo likiwa limejaa mpaka karibu na mdomo, oksijeni iliyomo ni kijiko tu. Ndiyo maana kopo lililobaki robo hufa mapema kuliko lililobaki robo tatu, hata kama yalifunikwa siku moja na mtu mmoja.

Tena hiyo ni hesabu ya kopo lililofungwa vizuri. Lililofungwa vibaya hupumua. Hapa kwetu mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 37 au 38, na usiku hushuka mpaka 23 hivi. Hilo ni joto la kivulini. Ndani ya kontena la chuma lililopigwa na jua kutwa, mchana huwa mkali zaidi sana. Hewa ikipashwa joto hutanuka. Tukisema imetoka nyuzi 24 ikafika 47, imetanuka kwa sehemu nane kwa mia. Katika kopo letu lenye lita 3 za hewa, karibu robo lita husukumwa nje kila mchana pamoja na mvuke wa thina, na usiku kopo linapopoa robo lita ya hewa mpya huvutwa ndani. Mwezi mmoja wa kupumua hivyo ni lita 7 za hewa mpya. Kutoka Aprili mpaka Oktoba kuna miezi sita. Basi hakuna haja ya kutafuta mchawi.

KUFUNGUA NA KUFUNGA

Kopo huharibiwa siku linapofunguliwa mara ya kwanza. Tumewaona wenzetu wakichukua tindo na nyundo, wakafumua kifuniko kwa pigo moja upande mmoja, kikatoka kimepinda kama kisahani cha kahawa. Kifuniko kilichopinda hakifungi tena, hata ukikipiga namna gani. Bisibisi bapa inafaa. Inua kidogo, sogea upana wa vidole vinne, inua kidogo tena, zunguka kopo lote mara mbili mpaka kifuniko kitoke chenyewe. Ni kazi ya dakika moja.

Ukishafungua, mimina rangi ya kazi ya asubuhi ile ndani ya chombo kingine, kisha funika kopo. Kuchovya brashi moja kwa moja koponi kuna makosa matatu: kopo hukaa wazi kutwa, brashi huleta unga wa kutu na mchanga kutoka kwenye chuma, na rangi inayofutwa mdomoni hujaa katika mfereji wa kifuniko. Rangi ikikauka katika mfereji ule, kifuniko hukaa juu ya uvimbe, na hewa hupita chini yake. Wako wanaotoboa mfereji kwa msumari ili rangi itiririke irudi ndani. Wengi hupenda ufundi huo. Sisi hatukubaliani nao, kwa kuwa mfereji ni sehemu ya mlango, na mlango hautobolewi. Uufute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, ung'ae, basi.

Rangi iliyobaki katika chombo cha kazi jioni isirudishwe katika kopo la asili. Imekwisha kutiwa thina, imekwisha kuingia vumbi, imekwisha kukutana na hewa kutwa nzima. Vijiko vichache vya namna hiyo huweza kuharibu lita mbili nzuri. Iwekwe peke yake katika kopo dogo, itumike kesho yake kwa mahali pasipo na umuhimu.

Wakati wa kufunga, weka kipande cha ubao juu ya kifuniko, ubao unaofika ng'ambo zote mbili za kopo, halafu gonga juu ya ubao polepole kwa kuzunguka. Nyundo ikigonga bati lenyewe italipinda. Tena kabla ya kufunga, kata duara la karatasi ya nailoni lenye ukubwa wa kopo, ulilaze juu ya rangi yenyewe, ligusane nayo bila mapovu ya hewa chini yake. Hewa iliyobaki juu itaikuta nailoni kwanza.

Swali la kulaza kopo kichwa chini huulizwa sana. Sababu yake ni ya akili: rangi huziba kifuniko kwa ndani, na ngozi ikitokea hutokea upande wa kitako, ambao siku ya kufungua utakuwa chini. Kwa kopo jipya lenye mdomo mzima tunakubali. Kwa kopo lililokwisha kufunguliwa mara tano na mdomo wake una makovu, utakuta rangi yote sakafuni. Tena lingoje dakika chache kichwa chini mbele ya macho yako kabla ya kuliacha.

HAMISHA RANGI

Katika yote tuliyoyasema, lililo kubwa ni hili: rangi iliyobaki ihamishwe katika kopo dogo linaloenea kiasi chake. Lita moja ikae katika kopo la lita moja. Acha nafasi ya kidole kimoja tu juu, kwa kuwa rangi nayo hutanuka wakati wa joto na ikikosa nafasi itasukuma kifuniko. Makopo matatu yenye robo robo ya rangi ile ile, ya kiwanda kile kile na tarehe moja, yaunganishwe yawe moja. Rangi za viwanda viwili zisichanganywe hata kama zote ni nyekundu. Mafuta yake huenda hayapatani.

Makopo madogo yatoke wapi? Hapo ndipo panapokuwa na ubishi na ofisi. Kopo tupu dogo bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya rangi yenyewe. Rangi inayofika Rejaf kwa kawaida imepakuliwa Mombasa, au imetengenezwa Nairobi au Kampala, ikapita Nimule, ikaja kwa ile barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika 2012. Kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500 na ushuru na vizuizi vyote vya njiani. Kampuni inayolipa gharama hiyo haiwezi kusema imeshindwa kununua makopo kumi matupu. Kamati za tawi ziliweke jambo hili katika madai yao madogo madogo ya kila robo mwaka.

Makopo yakikosekana kabisa, iko njia ya mafundi wa zamani: inua rangi badala ya kupunguza kopo. Wazungu hutumia gololi za kioo. Sisi tuna mto. Kokoto laini za ukingoni, zilizooshwa mpaka maji yatoke meupe, zikaanikwa juani siku mbili au tatu mpaka zikauke kabisa, hutumbukizwa moja moja koponi mpaka rangi ifike karibu na mdomo. Hewa haina pa kukaa. Siku ya kazi rangi huchujwa na kokoto hubaki. Ila zisiwe na unyevu, na njia hii isitumiwe kwa rangi ya alumini wala ya zinki, kwa sababu tutakayoieleza.

Chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni marufuku. Tunaomba hili lisomwe kwa sauti mikutanoni. Thina hulainisha plastiki za namna nyingi, na chupa huweza kupasuka. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni mtoto. Tapentaini na mafuta ya taa katika chupa ya soda yanafanana na kinywaji, mtoto hunywa, na hata tama moja likiingia mapafuni huweza kumwua. Akinywa asitapishwe, akimbizwe hospitali. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 170 wa mwaka 1990 unamtaka mwajiri ahakikishe kwamba dawa zinapohamishiwa chombo kingine, kilichomo kionyeshwe juu ya chombo hicho, pamoja na hatari zake na tahadhari zake. Kopo la maziwa ya unga likitumika kwa kukosa jingine, karatasi yake ya picha ikwanguliwe yote, lipakwe mkanda mwekundu, na liandikwe.

Liandikwe nini? Jina la rangi na kiwanda, rangi ilikuwa ya chombo gani, tarehe kopo la asili lilipofunguliwa, tarehe ya kuhamisha, na kama imetiwa thina au haikutiwa. Andika ubavuni kwa rangi yenyewe, wala usiandike juu ya kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana.

SI RANGI ZOTE ZINA TABIA MOJA

Mpaka hapa tumesema juu ya rangi za mafuta. Rangi ya lami, ile nyeusi ya chini ya matishari na mabomba ya ardhini, haikaushwi na oksijeni kama hizo. Yenyewe hukauka kwa thina kuruka. Ikiwa ngumu koponi, mara nyingi hulainika tena kwa thina yake. Haina matatizo mengi.

Rangi ya fedha, yaani ya alumini, inataka uangalifu. Maji yakiingia koponi, hata matone, unga wa alumini huweza kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hukusanyika, kifuniko huvimba kama mgongo wa kobe, na siku moja huruka. Haidrojeni huwaka upesi. Ukikuta kopo la alumini limevimba, lipeleke nje kivulini mbali na moto wowote, lifunike kwa gunia, ulegeze kifuniko polepole uso ukiwa mbali. Rangi yenye zinki nyingi ina tabia hiyo hiyo, na zaidi ya hapo zinki ni nzito, hushuka chini ikawa mashapo magumu kama saruji. Makopo ya zinki yapinduliwe mara moja kila mwezi muda wote yanapokaa.

Wako wenzetu wanaomimina maji juu ya rangi kabla ya kufunga, wakisema babu zao walifanya hivyo. Kweli mafundi wa zamani walifunika rangi nzito ya risasi kwa maji. Lakini maji hayo hutia kutu bati la kopo kwa ndani, na kwa alumini na zinki ni kuita balaa tuliyoieleza. Badala ya maji, mimina tapentaini kiasi cha kufunika uso wa rangi, kwa unene wa sarafu, bila kukoroga, ukafunga. Siku ya kufungua utaikoroga ndani. Isizidi hapo. Rangi iliyozidi thina hutoa utando mwembamba, na utando mwembamba hauzuii kutu. Utaupaka mwezi wa kumi, na mwezi wa tano utaona madoadoa ya kahawia.

Epoksi ni habari nyingine kabisa. Huja katika makopo mawili, la rangi na la kigumisho, na yakichanganywa hayarudi nyuma tena. Hewa haihusiki, vitu viwili hivyo hushikana vyenyewe hata ukivifungia wapi. Muda wa kutumia mchanganyiko huandikwa koponi, lakini husemwa kwa joto la nyuzi 20 au 25. Joto likizidi kwa nyuzi 10 muda hupungua karibu nusu. Kopo likisema saa 6 kwa nyuzi 25, kwetu mchana wa nyuzi 35 hesabu saa 3. Kwa hiyo usichanganye kopo zima kwa kuwa msimamizi amesema umalize leo. Pima kiasi cha kazi. Kigumisho kilichobaki kifungwe imara, kwani huvuta unyevu wa hewani, na katika miezi ya mvua hewa yetu imejaa unyevu. Mfanyakazi akilaumiwa kwa epoksi iliyogandia ndooni, swali la kwanza la kamati liwe: nani aliamuru ichanganywe yote?

MAHALI PA KUKAA

Kontena la chuma juani ni mahali pabaya, nasi tumekwisha kutoa hesabu yake. Wengi wetu hatuna jingine. Basi liezekewe paa la nyasi au mabati lililoinuliwa juu yake ili hewa ipite katikati, na likatwe matundu ya hewa, chini na juu. Matundu ya chini yasisahaulike: mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na hukusanyika pale pale mtu anapochutama na kuwasha sigara. Makopo yawekwe juu ya mbao. Kopo linalokaa sakafuni wakati wa mvua huoza kitako. Inachekesha kidogo kwamba rangi ya kuzuia kutu hupotea kwa kutu ya kopo lake, lakini tumeiona.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au rangi za mafuta visirundikwe pembeni. Vinapokauka huvuta oksijeni kama rangi yenyewe, na kuvuta huko hutoa joto; vikiwa rundo joto halina pa kutokea, na rundo huweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishwe katika debe la maji lenye kifuniko.

Na makopo matupu. Katika mashamba makubwa na kambi za wafanyakazi, kopo la rangi lililokwisha huenda nyumbani kuwa chombo cha kuchotea maji, hata cha kupikia uji. Tunajua sababu, vyombo ni ghali. Lakini rangi nyekundu za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, na hata leo si kila kopo sokoni ni salama. Sheria ya mfano ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa inataka risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto bila kuonyesha dalili mapema. Makopo matupu yatobolewe kitako kabla hayajatoka karakana, ukiacha yale yaliyotengwa kwa rangi. Na anayekwangua rangi ya zamani kwenye vyuma vya siku nyingi alowanishe kwanza kwa maji, asikwangue kavu, na anawe mikono kabla ya kula.

MSHAHARA

Tuliahidi kueleza ilivyokwisha. Kamati ya tawi iliomba makopo yale sita yaletwe mezani. Ikaonekana kwamba vifuniko vinne vilipindwa na tindo, na karakana haikuwa na kifaa kingine cha kufungulia. Ikaulizwa kama kuna mfanyakazi aliyewahi kupewa maagizo ya kuhifadhi rangi, kwa maandishi au kwa mdomo. Hakuna. Ikaulizwa kama makopo madogo yaliwahi kuombwa. Mtunza stoo, Mungu amweke, akafungua daftari lake akaonyesha kwamba aliyaomba mara mbili, tarehe zikiwamo. Mshahara haukukatwa. Kama si lile daftari, tusingekuwa na la kusema.

Wenzetu walio nchi jirani wajue sheria zao zinavyosema. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 huruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Rangi iliyoganda kwa joto la stoo si makusudi ya mtu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Hapa Sudan Kusini iko Sheria ya Kazi ya 2017. Mwenye kesi asitie sahihi karatasi yoyote kabla hajaionyesha kamati.

SIKU YA KUFUNGUA

Mvua zikikatika, usikoroge kwanza. Tazama. Kama kuna ngozi, ikate kwa kisu ukizunguka ukuta wa kopo, uiinue nzima kama chapati, uitupe. Ukiivunja na kuikoroga ndani, vipande vyake vitakaa juu ya chuma kama maganda, na kila ganda ni mlango wa kutu. Kisha shuka na ubao bapa mpaka chini, uyainue mashapo kidogo kidogo. Yakilainika, koroga mpaka rangi iwe moja. Yakibaki mabonge magumu, jua kwamba kinachozuia kutu kimebaki kwenye mabonge na kilicho juu ni mafuta matupu. Chuja kwa kitambaa cha shashi au soksi ndefu ya nailoni.

Sasa chukua kipande cha bati kilichosuguliwa kwa msasa, upake, ukiache kivulini mpaka kesho. Kikikauka na kisikwanguke kwa ukucha, rangi ni hai. Kikinata bado siku ya pili, dawa ya kukaushia imekwisha nguvu au imetoka pamoja na ngozi. Usiitumie kwa tishari wala kwa tangi. Na kama rangi yote imekuwa kama ini, inatikisika nzima koponi, usiimiminie thina ukitumaini. Haitarudi. Iandikwe katika daftari kwamba imekufa, tarehe na sababu, na mtunza stoo na mjumbe wa kamati watie sahihi wote wawili. Isimwagwe mtoni, kwa kuwa wanaochota maji ya kunywa wako chini yetu mpaka Juba mjini; iachwe wazi nje, mbali na watoto na moto, iwe ngumu kabisa, ndipo izikwe mahali palipotengwa, mbali na visima.